Ndoo ya Princeton na Mawe ya Goma

Goma, mashariki mwa Kongo, ni mji wa mvua usio na mto. Kila mwaka hupata zaidi ya milimita elfu moja za mvua, lakini anayetoka mpaka wa Gisenyi akashika barabara ya magharibi kwenda Sake hakuti mto wa kudumu hata mmoja njiani, na anayepanda kaskazini kupitia Munigi na Kibati hadi Kibumba naye hakuti. Mvua ikigusa mawe ya volkano ya Nyiragongo huingia kwenye nyufa ikapotea. Kwa hiyo mji uliokaa chini ya mawingu mazito ya Virunga hunywa maji ya ziwa. Mitambo ya REGIDESO, shirika lililoundwa chini ya ukoloni wa Wabelgiji mwaka 1939, huyavuta kutoka Ziwa Kivu na kuyapandisha mtaani, na pale bomba lisipofika kazi hubaki kwa bidoni ya lita ishirini, mgongoni, kwenye pikipiki au juu ya chukudu, baiskeli ya mbao ya kusukumwa. Wenyeji wameizoea hali hii hata hawaioni kuwa ajabu. Ila kwa wanaojenga modeli za tabianchi, yaani programu za kompyuta zinazokokotoa mwendo wa hewa, joto na maji duniani, ardhi ya namna hii ni mtihani ambao kwa zaidi ya nusu karne haujapata jibu. Sababu inayotajwa mara nyingi ni udogo wa uwezo wa kompyuta. Naona haitoshi. Maji ya nchi kavu yaliingizwa katika modeli kwa kufuata vipimo vilivyokuwapo, na vipimo vilikuwapo pale palipokuwa na zao la kuuza, gesi ya kuvuna au hofu ya maafa. Kaskazini mwa Ziwa Kivu volkano imepimwa na ziwa limepimwa. Maji yanayosafiri kati ya viwili hivyo ndiyo yaliyosahaulika.

Ardhi yenyewe ina historia ndefu ya kuficha maji. Wanajiolojia wengi wanakubaliana kwamba zamani maji ya bonde hili yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward na Mto Nile. Milima ya Virunga ilipoinuka ikaziba njia hiyo. Maji yakajaa nyuma ya ukuta hadi yakapata mlango kusini, penye Bukavu ya leo, yakateremka kwa Mto Ruzizi hadi Tanganyika. Kivu basi ni bwawa lililojengwa na volkano. Uso wake uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, eneo lake ni kilomita za mraba 2,370 hivi, na kina chake hufika mita 485. Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alilifikia mwaka 1894 na akapanda Nyiragongo, lakini yeye, kama wasafiri wote wa zama zake, aliandika habari za alichokiona juu. Mwaka 1935 na 1936 Mbelgiji Hubert Damas alishusha vyombo vyake majini akakuta jambo la pekee: chini sana joto lilizidi kupanda badala ya kushuka, maji yalikuwa mazito kwa chumvi, yamejaa gesi, wala hayakuchanganyika na yale ya juu. Utafiti uliofuata ulieleza sehemu kubwa ya fumbo hilo. Chini ya ziwa, hasa upande wa kaskazini, kuna chemchemi. Baadhi hutoa maji ya moto yenye chumvi, nyingine maji matamu na ya ubaridi, na ndizo zinazosaidia kuweka tabaka za ziwa zisichanganyike. Makadirio ya wanaohesabu bajeti ya maji ya Kivu, miongoni mwao Fabrice Muvundja wa chuo cha ISP Bukavu na wenzake, ni kwamba chemchemi hizo huleta takribani kilomita za ujazo 1.3 kila mwaka, ilhali mito na vijito vyote vinavyoonekana, zaidi ya mia moja, huleta karibu mbili. Kwa maneno mengine, zaidi ya theluthi moja ya maji yanayoingia Kivu kutoka nchi kavu hupita mahali ambapo hakuna jicho wala daraja la kupimia. Mvua iliyopotea kwenye mawe ya Virunga huibukia ziwani kimyakimya, chini ya mitumbwi ya wavuvi.

Miaka thelathini na mitatu baada ya safari ya Damas, mbali kabisa na Kivu, maji ya nchi kavu yalipata umbo la hesabu. Mwaka 1969 Syukuro Manabe, mtaalamu mzaliwa wa Japani aliyefanya kazi katika maabara ya serikali ya Marekani huko Princeton, alichapisha modeli ambayo namna yake ya kushughulikia maji hayo iliigwa kwa miaka mingi. Modeli huigawa dunia katika miraba, na kila mraba wa ardhi ulipewa ndoo moja ya kina cha sentimita 15. Mvua huijaza, jua huipunguza. Ikiwa imejaa robo tatu au zaidi, maji huvukizwa kana kwamba ardhi imelowa kabisa. Ikishuka chini ya hapo, uvukizaji nao hupungua kwa kadiri hiyo. Ikifurika, kinachomwagika huhesabiwa kuwa kimeingia mtoni. Basi, hakuna zaidi. Jangwa lilikuwa na sentimita 15, msitu wa mvua 15, na mwamba wa volkano 15. Ni rahisi leo kucheka ndoo hiyo, na wengine wameicheka, lakini kicheko hicho si haki. Manabe, ambaye mwaka 2021 alipewa Nobel ya Fizikia pamoja na Klaus Hasselmann na Giorgio Parisi, alijua vizuri kwamba udongo si ndoo. Swali lake lilikuwa: ni kitu gani kidogo kabisa ambacho ardhi lazima iwe nacho ili hewa juu yake iende inavyopaswa? Jibu lake likawa kumbukumbu. Ardhi lazima ikumbuke mvua ya wiki iliyopita.

Kumbukumbu hiyo ina uzito kwa sababu nguvu ya jua inayofika chini ina matumizi mawili makubwa: kuvukiza maji au kupasha hewa moto. Penye maji, sehemu kubwa hugeuka mvuke, hewa ikabaki na ubaridi na unyevu. Pakavu, joto hurudi hewani moja kwa moja. Mwaka 1982 Jagadish Shukla na Yale Mintz waliendesha modeli mara mbili, mara ya kwanza ardhi yote ya dunia ikiwa imelowa na mara ya pili ikiwa kavu kabisa, na tofauti ya mvua na joto ikawa kubwa mno hata hakuna aliyeweza tena kudai kwamba ardhi ni sakafu tu ya angahewa. Sasa fikiria Goma. Upande mmoja kuna ziwa ambalo halikosi maji ya kuvukiza. Upande wa pili kuna mwamba mweusi ambao saa chache baada ya mvua kubwa uso wake umeshakauka. Tofauti ya joto kati ya viwili hivyo ndiyo inayoendesha upepo wa mchana kutoka ziwani na upepo wa usiku kutoka nchi kavu, na pepo hizo ndizo zinazoamua wingu la radi lijengwe wapi na saa ngapi. Modeli inayoupa mwamba ule sentimita 15 za maji ya kuvukiza inaupa Goma ubaridi usio wake, inapunguza nguvu ya upepo, na kulisogeza wingu mahali pengine. Njia ya maji chini ya ardhi kwa hiyo si suala la visima peke yake, linaanzia mawinguni.

Ndoo haikudumu peke yake. Katika miaka ya 1980 Robert Dickinson na Piers Sellers, kila mmoja na wenzake, walijenga modeli zenye majani yanayofungua na kufunga vinyweleo, mizizi inayonyonya, na udongo wa tabaka kadhaa. Yalikuwa maendeleo makubwa kwelikweli. Lakini angalia nambari zilizowekwa ndani. Ili kujua udongo unapitisha maji kwa kasi gani, modeli nyingi zilitumia milinganyo ya Clapp na Hornberger ya mwaka 1978, iliyotokana na sampuli za udongo wa Marekani: ukijua kiasi cha mchanga na mfinyanzi, mlinganyo unakupa kasi ya maji. Milinganyo hiyo haijui ufa. Haijui handaki la lava, wala mwamba uliojaa matundu kama sifongo. Na chini ya mita mbili au tatu udongo wa modeli uliisha. Maji yaliyofika hapo yalihesabiwa kuwa yametoka, yakaongezwa kwenye mto. Maji chini ya ardhi yalianza kuingizwa katika modeli kubwa kwa uzito unaostahili miaka ya 2000, na hata hapo yakawekwa kama tabaka la maji lililotulia chini ya udongo, namna inayofaa tambarare za Ulaya na Amerika kuliko volkano. Ramani zinazoelekeza maji kutoka mraba mmoja hadi mwingine nazo hufuata mteremko wa uso wa ardhi, ilhali kwenye lava mpaka wa maji juu ya ardhi si lazima uwe mpaka wao chini.

Udongo wenyewe ulitoka katika ramani gani? Kwa miaka mingi ilikuwa ramani ya udongo ya dunia ya FAO na UNESCO, iliyochapishwa kati ya mwaka 1971 na 1981 kwa kipimo cha moja kwa milioni tano. Katika kipimo hicho milimita moja ya karatasi ni kilomita tano za ardhi, na Goma nzima hufunikwa na ncha ya kalamu. Ndani ya ncha hiyo kuna ardhi za umri mbalimbali. Kuna lava ya Januari 17, 2002, iliyokata katikati ya mji, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuingia ziwani. Kuna ile ya Mei 22, 2021, iliyosimama ukingoni mwa mji upande wa kaskazini, na ile ya Januari 10, 1977. Kuna lava kongwe ambazo kuvumwani ya kijivu iitwayo Stereocaulon ilizishika kwanza, kisha zikaota majani, kisha miti. Na kuna mashamba yenye udongo mweusi wa majivu ya volkano, miongoni mwa udongo wenye rutuba kubwa barani. Mvua moja ikinyesha juu ya ardhi zote hizo hufanya kazi tofauti katika kila moja. Kwenye msitu wa lava kongwe huvukizwa kwa wingi kupitia majani, kwenye lava ya 2002 huzama, na kwenye mtaa wenye mabati hukimbilia kwenye mapipa ya watu, ikiwa na floridi ya moshi wa Nyiragongo ndani yake. Modeli huziona zote kama kitu kimoja.

Hapa ndipo historia ya upimaji inapoeleza zaidi kuliko historia ya kompyuta. Wabelgiji walipima mvua ya Kongo kwa bidii, na bidii hiyo ilikuwa na anwani. INEAC, taasisi ya utafiti wa kilimo iliyoanzishwa mwaka 1933, ilitaka kujua kahawa, chai na kwinini zitastawi wapi. Kwa upande wa Kivu kituo chake kikuu kilikuwa Mulungu, karibu na Bukavu. IRSAC, taasisi ya utafiti wa sayansi iliyoundwa mwaka 1947, ilijenga makao yake Lwiro, hukohuko kusini. Franz Bultot alikusanya vipimo vya mwaka 1930 hadi 1959 katika atlasi ya tabianchi ya bonde la Kongo iliyoanza kutoka mwaka 1971, na hadi leo kazi yake haijapata mrithi wa kweli. Mawe ya Kibumba hayakuwa na kahawa ya mlowezi, kwa hiyo hayakuwa na sababu ya kipimamvua. Baada ya uhuru vituo vilipungua mwaka hadi mwaka, na vita vya miaka ya 1990 vikamaliza vingi vya vile vilivyosalia. Madaftari ya zamani yapo, mengi katika hifadhi ya nyaraka huko Brussels. Mradi wa COBECORE wa Chuo Kikuu cha Ghent uliyapiga picha na kuwaomba watu wa kawaida wasaidie kunakili tarakimu zake. Ni kazi ya kuheshimika. Lakini inatuambia pia jambo chungu: kwa sehemu nyingi za Kongo, njia ya haraka ya kupata vipimo vya mvua ni kufungua masanduku ya kabla ya mwaka 1960.

Ziwa lilipata bahati tofauti. Methani iliyoyeyuka ndani yake, takribani kilomita za ujazo 60, iliwavutia wenye mitambo, na kaboni dayoksaidi, inayofika kilomita za ujazo 300 hivi, iliwatia watu hofu, hasa baada ya Ziwa Nyos la Kamerun kutoa gesi mwaka 1986 na kuua zaidi ya watu 1,700. Fedha na hofu vikaleta boti, kamba na vipimajoto. Matunda yake yalionekana mwaka 2014, pale kundi lililoongozwa na Mbelgiji Wim Thiery lilipolinganisha modeli saba za maziwa kwa kutumia Kivu. Kundi hilo lilikuwa na vituo viwili vya hali ya hewa vinavyojiendesha na zaidi ya vipimo 150 vya joto la maji kutoka juu hadi chini, vilivyokusanywa tangu mwaka 2002. Modeli zote saba ziliweza kuonyesha msimu ambao maji ya juu huchanganyika, na baadhi yake, zile zinazojua chumvi na joto la chini ya ardhi, ziliweza hata kueleza tabaka za kina alizozigundua Damas. Mwaka uliofuata Thiery na wenzake waliweka maziwa makuu ndani ya modeli ya kanda yenye miraba ya kilomita saba hivi, wakakuta kwamba maziwa hayo hukaribia kuongeza maradufu mvua inayonyesha juu yake yenyewe, ila nje ya fukwe athari hiyo ni ndogo. Somo la tukio hili ni la wazi. Ziwa gumu kuliko karibu yote ya dunia liliingia katika modeli kwa mafanikio kwa sababu kulikuwa na watu waliolipima kwa zaidi ya miaka kumi. Kompyuta za mwaka 2014 zilikuwa zilezile kwa ziwa na kwa mwamba wa jirani.

Mtu anaweza kusema kwamba ninazidai modeli kitu ambacho hazikuahidi. Modeli nyingi za dunia zina miraba ya kilomita mia moja au zaidi. Mraba mmoja unaweza kulimeza ziwa lote la Kivu, lenye urefu wa kilomita tisini hivi, pamoja na volkano na vilima vya Rwanda. Kosa la Goma, wanasema, huyeyuka ndani ya wastani. Kwa joto la dunia nzima wana haki. Nyiragongo haitabadilisha hesabu ya mwisho wa karne. Lakini matokeo ya modeli hizo hayabaki kwenye dunia nzima: hushushwa hadi mkoa, hadi mji, yakawekwa katika mipango ya kilimo, ya mabwawa na ya misaada. Na bonde la Kongo ni mahali ambapo wastani wenyewe haujulikani. Mwaka 2013 Richard Washington na wenzake waliuliza waziwazi kama modeli zinaweza kuaminiwa kuhusu mvua ya bonde hilo, wakaonyesha kwamba hazikubaliani hata juu ya kiasi kinachonyesha, na kwamba vituo vya kuamua nani yuko sahihi ni vichache mno. Kosa huyeyuka katika wastani pale tu makosa mengine yanapolivuta upande wa pili. Yakielemea upande mmoja, wastani huyabeba yote.

Gharama ya kutojua ilionekana Mei 2023. Usiku wa kuamkia tarehe 3 mvua kubwa iliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, Mto Sebeya ukifurika katika wilaya ya Rubavu, mlangoni mwa Goma. Tarehe 4 maji na matope yalishuka kwenye vijiji vya Bushushu na Nyamukubi katika eneo la Kalehe, ufukwe wa magharibi wa Kivu, na kuua zaidi ya watu 400. Kundi la World Weather Attribution, ambalo kazi yake ni kupima kiasi gani mabadiliko ya tabianchi yamechangia maafa fulani, lilichunguza tukio hilo, na Juni mwaka huo likatoa jibu lisilo la kawaida kwake: vipimo havitoshi, hatuwezi kusema. Seti za takwimu walizozitumia hazikupatana hata kuhusu mvua iliyokwisha kunyesha. Nakiri kwamba jibu hilo ni la uaminifu kuliko ripoti nyingi zenye ramani za rangi. Lakini katika majadiliano ya fidia ya hasara za tabianchi, nchi isiyoweza kuonyesha mvua yake ilivyobadilika inaingia chumbani mikono mitupu.

Wenye imani na kompyuta watajibu kwamba miraba inazidi kupungua na tatizo litaisha lenyewe. Mfano wao bora ni modeli ya CP4-Africa ya Ofisi ya Hali ya Hewa ya Uingereza na washirika wake, iliyotangazwa mwaka 2018, ambayo iliendesha bara zima kwa miraba ya kilomita nne na nusu. Kwa ukubwa huo mawingu ya radi hujijenga yenyewe, Nyiragongo inaonekana kuwa mlima, na ziwa lina ufukwe. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini wajenzi wake walipofika kwenye udongo, waliamua kwa makusudi kulipa bara lote, toka Cairo hadi Cape Town, udongo wa aina moja: mchanga. Hawakufanya hivyo kwa uzembe. Waliona kwamba ramani za udongo wa Afrika zina mashaka kiasi kwamba mipaka yake ingeweza kuzua mvua za uongo, kwa hiyo ni heri kosa moja linalojulikana kuliko makosa mengi yaliyofichika. Naelewa uamuzi huo, na kwa Goma una kichekesho chake, maana mchanga hupitisha maji upesi na kwa bahati unakaribia tabia ya lava kuliko mfinyanzi ungekaribia. Hata hivyo tazama safari yenyewe: mwaka 1969 ardhi yote ilikuwa ndoo moja, karibu miaka hamsini baadaye, kwenye modeli ya kina kuliko zote zilizowahi kufanywa juu ya bara hili, ardhi yote ya Afrika ni mchanga mmoja. Hewa ilipiga hatua kubwa. Ardhi ilibaki palepale, na si kompyuta iliyoizuia.

Satelaiti je? Zimefanya mengi, na asiyezitumia anajinyima. Lakini kila moja ina mpaka wake, na Goma iko nje ya mipaka mingi. Zile za GRACE, zilizorushwa mwaka 2002 na kumaliza kazi mwaka 2017, zilipima uzito wa maji kwa mvuto wake, lakini ziliona eneo la mamia ya kilomita kwa pamoja. Hazikuweza kutenganisha Kibumba na Kigali. Zile za unyevu wa udongo huona sentimita chache za juu na hutatizwa na msitu mnene na milima. Zile za mvua huona mawingu au matone yaliyomo, kisha hugeuza zinachokiona kuwa milimita kwa kulinganisha na vipimamvua vya ardhini, na pale visipokuwepo hulinganisha na vya mbali. Hilo ndilo lililowakwamisha wachunguzi wa mafuriko ya Kalehe. Satelaiti humsaidia mwenye vituo vichache apate picha pana. Asiye na kituo humpa picha nzuri asiyoweza kuihakiki.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki kwa wanasayansi. Linauliza: katika mji uliokuwa umezungukwa na kambi za wakimbizi hadi mapema 2025, ulioona vita vya 1996 na 1998, lava ya 2002 na 2021, na mapigano ya Januari 2025 yaliyokata umeme na kuyaacha mabomba makavu, nani ana nafasi ya kufikiria unyevu wa udongo? Lakini historia ya Goma yenyewe inalijibu swali hilo. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia ndani ya siku chache na kupelekwa Kibumba, Katale na Mugunga. Ilikuwa kiangazi. Kibumba hapakuwa na chanzo cha maji, ikabidi yaletwe kwa malori. Mwamba haukukubali kuchimbwa choo wala kaburi. Na kile kilichotupwa juu kilipenya nyufa upesi kuliko palipo na udongo. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi kwa kipindupindu na kuhara. Sidai kwamba modeli ya tabianchi ingewaokoa. Nadai kwamba swali la maji huenda wapi yakigusa mwamba huu lilikuwa swali la uhai tangu wakati ule, na likabaki hivyo Mei 2021, lava ilipoharibu hifadhi na mabomba ya maji na kuwaacha karibu watu nusu milioni bila maji salama. Anayepanga kambi, choo, kisima au bomba anahitaji elimu ileile anayoihitaji mtengeneza modeli.

Na elimu hiyo si ya mbali. Goma ina Kituo cha Uchunguzi wa Volkano, OVG, kilichoanzishwa mwaka 1986, ambacho watu wake wamepanda miteremko ya Nyiragongo katika nyakati ambazo wengine walikimbia. Ina vyuo vikuu. Ina lava ambazo tarehe ya kuzaliwa kwake inajulikana kwa siku, jambo adimu duniani: ukiweka vipimo kwenye lava ya 1977, ya 2002 na ya 2021 unaweza kuona mwamba unavyojifunza kushika maji kadiri miaka inavyopita, na nambari hizo zinaweza kuingia katika modeli moja kwa moja. Kipimamvua cha mkono ni chombo rahisi. Kinachohitajika ni mtu wa kukisoma kila asubuhi, daftari, mshahara usiokatika, na mahali pa kuchapisha takwimu ili asiyeko Kivu naye azione. Mettelsat, ambayo ndiyo yenye dhamana ya hali ya hewa nchini, na wafadhili wanaolipia modeli za miraba midogo zaidi kila mwaka, watenge sehemu ya fedha hiyo kwa vituo vya Kibumba, Rugari, Munigi na Sake kabla ya kununua kompyuta nyingine. Na wanaopanga mabomba, hifadhi za maji na makazi ya Goma, wakiletewa ramani ya mvua ya mwaka 2050, waulize maswali mawili kabla ya kutia saini: ni vituo gani vya Kivu vilivyotumika, na ardhi ya Goma imeandikwa humo kuwa ya aina gani.